Mbwa wa Bwana Varadarajan

Sivakami alikuwa ameinama akichora kwa unga wa mchele maua ya kukaribisha heri mbele ya mlango wake aliposikia kwato zikigonga lami. Paa jike mwenye madoa meupe, mwenye mimba kubwa, alitokea kwenye tundu la ukuta wa ule msitu uliobaki katikati ya jiji la Chennai, India. Nyuma yake kundi la mbwa, kimya kabisa. Mbwa aliye kazini habweki.

Paa aliteleza kwenye vigae vya ngazi, akaanguka. Kabla Sivakami hajainua ufagio, walikwishamvamia, wakaanza kumla angali hai. Majirani walijaa roshanini, simu mikononi.

"Mama Sivakami, sogea kidogo, unatuziba!" alipayuka mama mmoja wa ghorofa ya pili.

Sivakami alikimbilia jikoni, akarudi na sufuria ya maji ya wali yanayochemka, akawamwagia. Mbwa wakatawanyika wakilia.

Maisha yake yote alikuwa mkunga, damu haikumtisha. Alipiga magoti, akaweka kiganja tumboni mwa paa. Mtoto alicheza. "Vumilia, mwanangu," alimnong'oneza yule mnyama, kama alivyowaambia wanawake wengi. Mtoto akacheza tena, kidogo tu. Halafu basi. Nzi walikwishatua machoni mwa mama.

Ndipo Bwana Varadarajan, jirani yake wa mlango wa pili, akatoka na beseni la wali na mabaki ya kuku, kama kila asubuhi. "Wanangu! Njooni wanangu!"

Walikuja. Yule mkubwa, pua yake nyekundu mpaka machoni, alimlamba mkono kwanza. Bwana Varadarajan alicheka, akajipangusa kwa leso.

"Umemwona mwanao alivyojipaka damu?" Sivakami aliuliza.

"Wana njaa, dada. Ndiyo maumbile hayo. Simba naye si hula swala?"

"Simba hapikiwi kuku. Hawa umewashibisha wewe, wamezaana, sasa wanaua kwa mchezo. Tazama, nyama wameiacha, wamekimbilia wali wako!"

"Usinipandishie sauti asubuhi yote hii."

"Basi njoo umguse. Mtoto yumo humu."

Alirudi nyuma, uso umemkunjamana. "Mimi nimeshaoga. Naenda kusali."

Si damu iliyomchukiza Sivakami, ni ile leso. Alimdaka mkono, ule ule uliolambwa, akaukandamiza kwenye lile tumbo. Lilikuwa bado na joto. Bwana Varadarajan aliuvuta mkono, asiachiwe. Alipoachiwa aliingia ndani akafunga mlango, na beseni akaliacha nje. Sivakami aliligeuza, wali ukaingia mtaroni, kisha akatapika hapo hapo.

Wiki ile wakazi waliziba tundu la ukuta. Watu wa jiji wakaja na nyavu, wakawachukua mbwa kwenda kuwahasi na kuwachanja. Bwana Varadarajan hakupinga. Mbwa mmoja alimchukua akamfuga ndani, kwa mnyororo, na kulisha barabarani akaacha.

Watu walimsifu kwamba amejirekebisha. Sikukuu ilipofika alimpelekea Sivakami bakuli la uji mtamu wa maziwa, wenye korosho na zabibu.

"Samehe, dada," alisema.

"Yamekwisha, kaka," Sivakami alijibu, akalipokea kwa mikono miwili.

Mlango ulipofungwa aliumwaga uji wote chooni, kisha akanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, akarudia tena.