Mkavu wa Macho

“Mkavu wa macho wewe,” Karani aliniambia, na ndoo yake alikuwa ameitua chini ili mikono yote miwili iwe huru kuninyooshea. “Mama yangu anatolewa mlangoni, nyumba nzima inalia, wewe umekaa kwenye kiti unatukodolea kama mtu aliyekuja kuangalia mpira.”

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku chache baada ya kumzika mama yake, kwenye koki ya uani, saa ambayo nyumba yetu ya wapangaji huwa imeamka yote. Vyumba kumi na viwili vinauzunguka ua mmoja, na siku ile kila mtu alikuwa amepata sababu ya kuwa nje. Jirani wa chumba cha mwisho alikuwa anaanika nguo zilizokwisha kukauka. Mume wangu alikuwa anafagia mahali nilipofagia mimi dakika kumi kabla, na huyo mume wangu ufagio huwa hajui unakaa wapi.

Ugomvi wenyewe siuogopi. Nimekulia mtaani, na mtaani mtu akikutukana unamrudishia kabla hajavuta pumzi ya pili. Lakini siku ile nilikuwa na kitu nilichokiona ni bora kuliko tusi. Nilikuwa na karatasi.

Karani tunamwita hivyo kwa kazi yake. Anachapa barua na fomu katika ofisi moja mjini, na akirudi jioni ndiye anayewasomea watu wa nyumba nzima chochote chenye muhuri. Mimi ni Fundi. Nashona nguo za kike kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara, cherehani upande huu, kioo kirefu upande ule, na katikati benchi la wateja, ambalo kwa kweli ni benchi la habari. Anayetaka kujua nani kahama, nani kaposwa na nani kanuniana na nani huja na kitambaa hata kama hana mshono.

Basi nikaingia ndani, nikatoa karatasi ya kliniki ya macho kutoka chini ya godoro, nikarudi nayo uani nimeinyanyua juu kama cheti cha shule. Nikamwambia Karani asome mwenyewe, si kusoma ndiyo kazi yake, tena asome kwa sauti.

Akasoma. Sauti yake ya kusomea watu ni safi, haina chuki wala mapenzi, hata akiwa amekasirika. “Mgonjwa ana macho makavu. Tatizo ni la muda mrefu. Machozi hayatoshi. Inashauriwa aendelee kufuatiliwa.”

Yule wa nguo kavu akasema, “Kumbe ni la muda mrefu.” Mwingine akadakia kwamba hata muhuri umeshagongwa, sasa tubishe nini tena. Wakacheka mpaka mume wangu akageuka ukutani na ufagio wake, mabega yakimtikisika. Nilikuwa nimeleta ushahidi wa kunitetea, kumbe nimeleta hukumu, na nimempa mshitaki wangu aisome.

Karani peke yake hakucheka. Alinirudishia ile karatasi ameikunja vizuri, akabeba ndoo yake, akaingia kwake, akafunga mlango. Ni hapo nilipoumia. Mlango ule haukuwahi kufungwa mimi nikiwa nje.

Mama yake alikuwa rafiki yangu mkubwa, ingawa alinizidi miaka thelathini. Tulikuwa tunamwita Mama tu, kana kwamba nyumba nzima alituzaa yeye. Alikuwa anakuja kukaa kwenye benchi langu asubuhi na kisahani cha njugu, anachambua watu na njugu kwa mpigo mmoja, na alikuwa na namna ya kumaliza habari mbaya ya mtu kwa kusema, “Lakini ana mkono mwepesi wa kutoa, tumwache.” Nilimshonea magauni kumi na moja. Kiuno chake nilikijua kwa vidole, bila futi. Mchana nilikuwa nakula kwake, siku nyingi kuliko nilizokula kwangu, na Karani akirudi kutoka kazini anatukuta bado tumekaa na sahani mbele yetu, tunacheka.

Siku tuliyomzika niliyatafuta machozi kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni huku mvua inamnyeshea. Yaliyokuja ni moto. Miaka ishirini na mbili nimekodolea sindano inayokimbia, feni ikinipulizia usoni, na macho yangu yalikuwa yamefika mahali ambapo kila nikipepesa ni kama kope zina mchanga. Mwezi mmoja kabla ya msiba ndipo nilipokwenda kliniki, na daktari, binti mdogo mwenye sauti ya taratibu, alinieleza kwamba machozi si ya kulilia tu. Yanalipaka jicho mafuta kila tunapopepesa, kama cherehani inavyotaka oili. Yangu yalikuwa machache, na hayo machache yalikauka upesi. Nilimwomba aniandikie kwa Kiswahili chepesi nielewe mwenyewe. Wema wake huo ndio uliokuja kuniponza kwenye koki.

Ushauri wake nilikuwa nimeufuata nusu nusu. Baada ya Jumamosi ile nikaufuata wote, na wallahi nilikuwa naufuata kwa hasira. Kitambaa cha maji ya moto juu ya kope asubuhi na jioni. Matone. Feni nikaigeuzia wateja. Na vile vidonge.

Daktari alikuwa amesema kuna vidonge vya mafuta ya samaki, ni virutubisho, si dawa ya kuponya. Wapo wagonjwa wanaosema vimewasaidia, wapo wanaosema hawakuona kitu, na hata wataalamu wenyewe bado wanabishana. Aliuliza kwanza dawa zote ninazotumia, akaandika, ndipo akasema nikitaka nijaribu kwa miezi mitatu, mambo mengine nisiyaache. Mimi mtu akiniambia hana hakika, huwa namwamini. Pale nje ya soko kuna bwana mwenye kipaza sauti anauza unga unaotibu macho, mgongo na kukosa mchumba. Yeye ana hakika na vyote.

Vidonge vyenyewe ni vikubwa, vya rangi ya asali, vinang'aa kama shanga. Cha kwanza nilikitazama kwa muda mrefu mkononi, nikakiambia, haya, twende kazi.

Ambacho daktari hakuniambia ni kwamba samaki hukumbuka alikotoka. Nakupima mabega, pini ziko mdomoni, mara kooni kunapanda pumzi ya ufukweni. Mteja mmoja, bibi harusi, aliniuliza kwa adabu kama napika nyuma ya pazia. Paka wa nyumba, ambaye miaka yote hakunijali, akahamia chini ya cherehani yangu. Ndani ya wiki mbili nikapewa jina la Fundi Samaki, na kabla halijafika mtaa wa pili nilikuwa nimeshalipeleka mimi mwenyewe. Kila aliyekaa kwenye benchi nilimwambia: macho yangu ni makavu, nameza mafuta ya samaki, na ukisikia harufu ni mimi. Siri niliyoitangaza mwenyewe hakuna anayeweza kuniuzia. Wakaja hata wasio na vitambaa, kumwona Fundi Samaki. Sijawahi kuwa na chumba kilichojaa hivyo.

Mwezi wa tatu wa vidonge unaishia, saa kumi jioni, nikatunga uzi kwenye sindano kwa mara moja tu. Nikautoa, nikautunga tena. Mchanga haukuwepo. Sikumwambia mtu, nilihofia kuuamsha.

Siku chache baadaye mama mmoja muuza mitumba alikuwa amesimama mbele ya kioo, mkono mmoja wa gauni umeshikizwa na mwingine bado, ananihadithia shemeji yake aliyepaka nywele rangi nyeusi kwa ajili ya picha ya pasipoti. Jua likamwakia kwenye foleni. Alipofika kwa mpiga picha rangi imeshashuka mpaka kidevuni, na mpiga picha akamuuliza kama anataka apigwe na ndevu au bila ndevu. Nilicheka mpaka nikaegemea meza. Ndipo likadondoka. Tone moja, juu ya kitambaa cheupe, likaenea polepole mpaka likawa kama duara la kitufe.

Nikalitazama. Nikafikiria, Mama angekuwa hapa angetaka kujua huyo shemeji ni wa upande gani. Na hapo yakaja yote, ya siku ile ya mazishi na ya miezi yote iliyofuata, nikalia kwa sauti, na yule mama wa watu akanikumbatia na pini zake zote, akinichoma na kunibembeleza kwa pamoja, hajui kama anisikitikie au aombe radhi kwa sababu ya shemeji.

Yalikuwa mafuta ya samaki, au kitambaa cha moto, au feni iliyogeuka? Nilipomuuliza daktari alisema hawezi kuapa. Mimi najua tu kwamba sikuacha hata siku moja, na kwamba jambo nililolianza kwa ghadhabu nililimaliza kwa nidhamu. Mtu ambaye shule aliiacha darasa la tano, kuhesabu siku tisini bila kuruka hata moja, mniruhusu nijisifu.

Mume wangu akasema sasa nenda kwa Karani ukalie akuone, yaishe. Nikamwambia machozi si kitambulisho, siwezi kwenda kuyaonyesha mlangoni kwa mtu. Kama hakujua mimi na mama yake tulikuwa nani, tone la maji lingemfundisha nini? Nikakaa na kiburi changu, na njaa yangu ya mchana nikaila peke yangu.

Karani alikuja mwenyewe, karibu mwaka umetimia. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha kushonea na miwani ya jua ilhali mvua inanyesha. Benchi lilikuwa tupu kwa bahati. Aliongea akiitazama cherehani. Macho yanamwaka. Herufi kwenye kompyuta zinaogelea. Wiki iliyopita alichapa barua ya kumkaribisha mgeni rasmi, na mahali pa kuandika “mheshimiwa” akaandika “marehemu,” na barua ikafika. Mkubwa wake amemwambia likitokea tena atampeleka kwenye mafaili. Akaomba nimpe vile vidonge, vichache tu, na nyumba isijue.

Sitadanganya, ulimi uliniwasha. Karani, aliyeniita mkavu wa macho mbele ya vyumba kumi na viwili, leo yake yamekauka. Na mgeni rasmi amezikwa akiwa hai. Habari kama ile benchi langu lingeila mwezi mzima na kuomba nyongeza. Tena Mama angekuwepo, angenitazama kwa jicho lake moja lililofumba nusu, kuona nitafanya nini.

“Vidonge sikupi,” nikamwambia. Akageuka kuondoka. Nikamshika mkono. “Unameza dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu mguu ule ulipovimba. Mama aliniambia. Vitu hivi havichanganywi ovyo. Vua viatu hivyo, vaa vya kutembelea, twende kliniki.”

Nikafunga chumba saa nne ya asubuhi, siku ya kazi, na gauni la mtu likiwa mezani. Tulikwenda chini ya mwavuli mmoja. Daktari alimpima, akampa matone na maelezo ya kitambaa cha moto, akamwambia kazini apumzishe macho kila baada ya muda na akumbuke kupepesa. Vidonge akasema hapana kwanza, mpaka azungumze na daktari wake wa damu. Mimi nilikuwa kwenye benchi la korido, naye akatoka na karatasi, akaisoma akiwa amesimama, kimya, yeye ambaye karatasi zote huzisoma kwa sauti.

Tulipofika karibu na nyumbani ndipo aliposema. “Ulimpenda mama yangu.” Hakuuliza.

Uani walikuwa wamejaa. Yule wa nguo kavu, ambaye jicho lake halipitwi, akauliza wawili ninyi mmetoka wapi na mwavuli mmoja. Wote wakanitazama mimi, maana mimi ndiye gazeti lao. Nikasema tulikwenda kutembea. Kwenye mvua? Kwenye mvua. Miaka yote niliyokaa nyumba ile, hilo ndilo jibu fupi kuliko yote niliyowahi kutoa, na mpaka leo ndilo ninalojivunia kuliko mengine. Nisingeyaandika haya kama Karani mwenyewe asingeyatoa mdomoni mwake.

Kwa sababu Karani alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu kama nyanya. Akaifungua ile karatasi akawasomea, kwa sauti ile ile yake safi, tangu tarehe mpaka sahihi, bila kuruka neno. Alipofika kwenye macho makavu akapumua, akasoma tena, akasema Fundi ndiye aliyempeleka. Hakuna aliyecheka. Hata yule wa nguo kavu alijitia kutafuta kibanio.

Halafu akaenda mlangoni kwake, akausukuma ukafunguka wote. Harufu ya kitunguu kilichokaangwa asubuhi ilikuwa bado imo ndani. Mimi nilibaki kwenye kizingiti, nakung'uta mwavuli kwa bidii kuliko ulivyohitaji.

“Unangoja nini hapo, dada?” akasema kutoka jikoni, na nikasikia sahani zikishushwa, moja, kisha ya pili. “Nawa mikono uje tule.”