Mwongozo wa Mashine ya Kufulia

…hakuna matokeo, tena hakuna matokeo, mara ya tisa sasa, na programu inamwambia kwa adabu zote, jaribu neno jingine, eti neno jingine, yeye ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa na maneno yake mwenyewe na hakuna hata moja lililowahi kumpotea, akaandika dawa, akaandika sindano, akaandika kuvimba, kiduara cha zambarau kikazunguka, kikazunguka, kikarudi mikono mitupu, kompyuta inazidi kupata moto juu ya mapaja yake, na hapo ubavuni, kwenye benchi hilohilo la plastiki la korido ya wodi ya mifupa, mdogo wake bado anasema, Mungu wangu, mtu huyu bado anasema, "unajua, Dada, ile programu ya kwanza ilikuwa na folda tu, folda ndani ya folda, ina kasi, hata mtandao ukikatika unafanya kazi, nikaipa saba, ila sura yake ya kizamani mno…" sura yake, enhe, sura ndiyo iliyoinyima alama, kama vile alikuwa anachagua mchumba, na Mama amelala nyuma ya mlango ule, hatua sita kutoka hapa, nyonga imevunjika, umri miaka sabini na sita, anasubiri kuingizwa chumba cha upasuaji au kutoingizwa, na yote mawili yanategemea neno moja, jina la dawa moja, ambalo yeye aliliandika kwa mikono yake miwili miaka saba iliyopita na sasa halipo, halipo popote, na mwenye kulipoteza anamweleza habari za sura.

Robo saa tu imepita tangu daktari wa usingizi asimame mbele yao, kofia ya kijani kichwani, barakoa imening'inia kidevuni, akasema bila kupaza sauti, "Mnasema aliwahi kupigwa sindano hospitali nyingine, akavimba na pumzi ikakata. Sawa. Sindano ya dawa gani?" na wao wawili wakatazamana kama wanafunzi ambao hawakusoma, akasema, "Mimi siwezi kubahatisha. Nikipata jina kabla huyu aliye mezani hajatoka, mama yenu anaingia. Nisipolipata simgusi, anarudi kwenye orodha, na orodha kwa sasa ni Alhamisi ya wiki ijayo," Alhamisi, siku tisa, mtu wa umri ule chali kitandani siku tisa, mapafu yanajaa maji, mgongo unachubuka, na ile hospitali ya zamani ilishafungwa, jengo lake sasa wanauza vigae, mafaili ya wagonjwa yalikokwenda hakuna ajuaye, lakini yeye alijibu kifua mbele, "Jina ninalo, Daktari, niliandika, nipe dakika tano," halafu akamsogelea akamnong'oneza, "tafadhali usimuulize mwenyewe, hajui, tulimwambia alizimia kwa uchovu, akijua kuna dawa ilitaka kumuua atazikataa zote, hata ya presha," daktari akamtazama kidogo kwa namna ambayo hakuipenda, akaenda zake, na dakika tano zikaisha, na nyingine tano, na sasa kila kitanda cha magurudumu kinapolia mwisho wa korido anainua kichwa, ametoka, huyu wa mezani ametoka, hapana, ni mtu wa usafi na ndoo yake, hapana, ni chakula cha wagonjwa, "…ya pili ina lebo, Dada, lebo ndiyo siku hizi, huhitaji folda hata moja, unaandika unavyotaka, unabandika lebo, basi…" basi, angembandika yeye lebo, hapo katikati ya paji la uso, kimbelembele, ya rangi nyekundu.

Kwani nani alimwomba? Nani? Yeye ni mkaguzi wa lifti, kazi yake ni kuandika, anaingia juu ya paa la lifti na tochi, anasikiliza kamba, anapapasa breki, anaandika, na mafaili yake yote yalikaa mahali pamoja, kwenye ile kompyuta yake nzito, bila folda, bila lebo, bila maua, kila moja na jina alilolipa mwenyewe, "ghorofa ya nane inakoroma", "mwenye jengo mwongo", "magoti ya Mama", "soma hii kabla hujakasirika", na ungemwamsha usingizini ungemwambia nipe breki za jengo la posta za miaka mitatu nyuma angekupa macho yakiwa yamefumba, ila mdogo wake akaja Jumapili moja, wiki saba zilizopita, akasimama nyuma ya kiti chake akacheka, "Dada, hii si kompyuta, hili ni jalala," na Jumapili iliyofuata akaja na jedwali, wallahi jedwali, programu nne za kupanga noti, yaani maandishi ya mtu, zimewekwa kwenye safu, kasi, usalama, kutafuta, uzuri wa sura, kila moja na alama zake juu ya kumi, yeye anayeuza viti vya ofisi na hajawahi kuandika kitu kirefu kuliko ankara, akapiga domo kuanzia chai mpaka jua likaondoka dirishani, ya tatu inasoma mpaka maandishi yaliyo ndani ya picha, ya nne inaziunganisha noti zenyewe kwa zenyewe kama utando, "unaona, Dada, kila wazo lina ndugu zake," na yeye, mjinga, alichoka, alikuwa na ripoti sita mezani, akasema haya, hamisha, fanya unachotaka, ili mradi uninyamazishie huo mdomo, na akahamisha, akaweka kila kitu kwenye hiyo ya utando, hiyo ya zambarau, na kompyuta nzito akaifuta ikawa nyeupe kama sahani, akaigawa, maana ilikuwa nzito kama tofali, akaleta hii nyembamba, na utando ni mzuri kweli, vidoti mia nane vinaelea kwenye kioo, vimeshikana mikono, na hakuna hata kimoja kinachojua Mama alichomwa nini.

"Ulifuta nini?" alimuuliza dakika nane zilizopita, meno yamekutana, naye akasema, "Takataka tu, Dada, vitu vilivyojirudia, mambo ya zamani," "Mwongozo wa mashine ya kufulia uliufuta?" akacheka, alicheka jamani, "Ile mashine si ilishakufa? Si tulimpa mtu wa vyuma chakavu?" na hapo damu ikampanda mpaka masikioni, kwa sababu humo ndimo lilimokuwa, humo humo, chini kabisa, baada ya kurasa arobaini za jinsi ya kusafisha kichujio na maana ya kila taa, aliacha nafasi kubwa, akaandika yote, tarehe, jina la dawa herufi kwa herufi kama alivyolisoma kwenye kichupa, kiasi, dakika ngapi mpaka midomo ikavimba, kila kitu, akakifukia pale kwa sababu Mama, wakati ule akikaa naye, alikuwa akifungua kompyuta kutazama picha za wajukuu na mkono wake haukujua kuacha, anasoma barua, anasoma ripoti za lifti na kuuliza maswali mezani, kwa hiyo jambo zito lolote alilifukia ndani ya jambo linalochosha, la moyo wa Mama ndani ya bima ya gari, la talaka yake mwenyewe ndani ya kanuni za ngazi za umeme, na akajiona mjanja, miaka yote akajiona mjanja kweli, na pipa la taka la hii ya zambarau linajisafisha lenyewe kila siku thelathini, hiyo nayo mdogo wake aliipa tisa, "…kwa hiyo hutakaa na uchafu, Dada, ndiyo maana niliona hii ya nne…" nyamaza, alitaka kusema nyamaza, nyamaza nisije nikakuzaba kofi mbele ya manesi, lakini alipogeuka alimwona anasugua viganja kwenye suruali, anasugua, anasugua, jasho limemtoka puani, haongei na mtu, anaongea ili asisikie, alikuwa hivyo tangu mdogo, akivunja kitu hamalizi kusema, na hilo nalo likamwudhi zaidi, maana hata hasira yake anataka kumnyang'anya.

Sasa hata kama mdogo wake angekuwa ameichagua ile ya kwanza, ya folda, ile ya sura mbaya, jina angelipata wapi, folda gani, na ile ya tatu, inayosoma mpaka picha, ingesoma kitu gani ikiwa faili lenyewe limetupwa, na je, kama angekuwa mtu baki akaona kurasa arobaini za mashine iliyokufa, asingetupa? angetupa, yeye mwenyewe angetupa, angetupa hata kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza, kubali, la, hakubali, hakubali kitu, mdogo wake ndiye aliyefuta, ni yeye, na jina lilianza na nini, se, si, lilikuwa refu, aliliandika ili asilibebe kichwani, ndiyo faida ya kuandika, unaliweka chini unaenda zako, na sasa anachimba kichwani anakuta kichupa kidogo chenye kifuniko cha buluu na mkono wa nesi, na sauti ya nesi, si wa hapa, nesi wa siku ile, "kuna dawa yoyote inayomdhuru mgonjwa?" na simu ikitetemeka mkononi, mwenye jengo analalamika lifti imesimama na watu ndani, na yeye bila kuinua uso, "Hapana, hana," hapana hana, hakumuuliza Mama, Mama alikuwa pale pale kitandani macho wazi, angeweza kugeuka akamuuliza, badala yake akamjibia, hapana hana, na sindano ikaingia, na dakika nne baadaye Mama akawa anashika shuka kama anayezama… hilo pia aliliandika mle. Mstari wa mwisho. "Waliniuliza mimi, nikasema hana."

"…Dada, unanisikia? Nasema hata namba za makosa za mashine siku hizi unazipata mtandaoni, huna haja ya kuweka mwongozo…" namba za makosa, akasikia neno hilo na vidole vyake vikasimama juu ya vitufe, namba za makosa, kwa sababu aliwahi kulisikia, si kwa mdogo wake, kwa Mama, kwenye simu, yeye akiwa juu ya paa la lifti ghorofa ya kumi na moja, tochi mdomoni, "mwanangu, hii mashine yako imegoma, maji yamejaa, imeandika herufi na namba, nifanyeje?" na akamjibu kwa haraka, akiwa na grisi mpaka viwiko, "Mama, fungua kompyuta yangu, kuna faili la mwongozo, soma humo," akakata, Mungu wangu, akakata, alisahau kabisa, yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma, maana nani mwingine mle ndani alikuwa akifua? nani aliyewahi kuigusa mashine ile zaidi ya Mama? alichimba shimo, akafukia, akamwita yuleyule anayefichwa aje kulima pale pale, na jioni aliporudi mashati yalikuwa kwenye kamba, yote, yamepangwa kwa rangi, na Mama amekaa kwenye kiti cha jikoni anamenya kitunguu, akasema, "Imekubali. Nimesoma mpaka mwisho," na yeye akacheka, akambusu kichwani, akasema Mama wewe ni fundi.

Mpaka mwisho. Na tangu hapo, sasa anaona, tangu wiki ile ile, kila akipelekwa kliniki Mama hushika mkono wa nesi kabla ya sindano, "nisomee kwanza jina lake, mwanangu," na wao wawili wakamcheka, wakasema uzee, wakasema anajitia msomi, na yeye Mama akawaacha wamcheke, miaka saba, hakuzikataa dawa, hakutupa hata ile ya presha, alisoma jina akalishika, akausoma na ule mstari wa mwisho, akaumeza, hakuwahi hata siku moja kumtazama binti yake kwa jicho la ninajua, na yeye ndiye aliyesimama hapa leo akamnong'oneza daktari asimuulize, eti kumlinda, kumlinda nani, alijilinda yeye, siku zote alijilinda yeye, na hasira yote hii aliyomtemea huyu mtoto wa watu na jedwali lake, huyu anayesugua viganja… akataka kumwambia nyamaza, si wewe, akabonyeza tena. Kiduara cha zambarau kilikuwa kinazunguka. Hakuna matokeo. "…nikaipa tisa kwa usalama," alikuwa anasema mdogo wake, "tisa, Dada." Mwisho wa korido hakuna kitanda kilichotoka bado, muda upo kidogo, ni kuinuka tu, hatua sita, kuingia na kusema Mama, ile dawa iliitwaje, na kusema hivyo ni kusema na yale mengine yote, na yeye hakuinuka, bado, na kupitia mlango uliokuwa wazi alimsikia Mama akimuuliza nesi, kwa sauti yake ileile ya kawaida, kama binti yake pale nje ameshapata chochote cha kula.