Sala Fupi ya Chakula

Mchungaji Yeremia akikaribishwa chakula, sala yake haizidi pumzi moja. Washarika hudhani ni njaa. Waache wadhani, moyoni yeye huwa amesharudi Buswelu, miaka ile viwanda vilipokuwa vikibinafsishwa, naye ni mwanachuo wa theolojia mwenye suruali ya mtumba na maneno mengi. Anaikumbuka hata chai ya bwenini, ilivyopoa wakibishana juu ya Kristo na haki ya wanyonge.

Kila Jumapili yeye na mwenzake Selina walitumwa kuhudumu katika kanisa dogo la Buswelu, na kaya ziliwalisha kwa zamu. Ilipofika zamu ya Bibi Kashindye, mzee wa kanisa aliwanong'oneza wairuke. Bibi alikuwa na macho mekundu, na huko macho hayo huitwa ya mchawi. Ulikuwa moshi tu, maana kuni zilikuwa adimu na alipikia samadi kavu miaka nenda rudi. Lakini jirani yake Maige alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani Nyakato, na mganga alikwisha kumwonyesha mchawi wake. Neno hilo likishatamkwa, panga haliko mbali. Watumishi wa Mungu wakikikataa chakula cha bibi, hukumu yake ingekuwa imepita.

Selina alisema wataenda. Yeremia, bingwa wa wanyonge, akamfuata kwa miguu mizito.

Walitandikiwa mkeka uani, majirani wakichungulia juu ya ua wa minyaa. Ikaletwa michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Yeremia akaombwa kusali. Akawaombea wagonjwa, wafungwa, wavuvi na serikali, kisha akawarudia wagonjwa, mpaka Selina akamfinya. Wakala.

Chuoni wenzake walimpima mapigo ya moyo kwa utani, naye hakucheka. Alilala akiogopa, akaamka na njaa.

Jumapili iliyofuata waliomba wenyewe kurudi kwa bibi. Watu walijaa uani kuhakikisha kama kweli wako hai. Yeremia alishukuru kwa maneno machache, akatia mkono bakulini. Ndipo Maige akajipenyeza katikati ya watu.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba."

Akanawa mikono, akaketi mkekani. Bibi akamsogezea bakuli, kisha akamgeukia Yeremia.

"Leo umesali kifupi, mjukuu wangu. Siku ile ulisali kama mtu anayeaga."

Yeremia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Kumbe ulijua, bibi?"

"Nilijua. Lakini ulikula."

Siku hizi michembe haipatikani kirahisi mjini, na akiipata haina ladha ile. Anamkumbuka sana bibi yule. Alikufa miaka mingi baadaye, kwa uzee, kitandani mwake, na Maige ndiye aliyechimba kaburi.