Ndege wa Delfina na Mashine ya Presha

Kaka yangu Osmar akinunua kitu, lazima kiwe kikubwa. Friji yake haikupita mlangoni, ikabidi wang'oe fremu. Kwa hiyo aliponipigia simu na kusema tumnunulie baba mashine ya presha ya kuoshea gari, nilijua kinachokuja, nikamwambia dukani tunakwenda wote, yeye, mimi na mzee mwenyewe.

Sababu ya mashine ilikuwa bega. Baba yetu, Evaristo, aliuza maji ya gesi nyumba kwa nyumba hapa mjini Rosario tangu ujana wake mpaka alipostaafu, akishusha makreti ya chupa kutoka kwenye pikapu yake ya Rastrojero, na sasa mkono wa kulia haunyanyuki kupita kifua. Ndoo haibebi tena, kitambaa hakisugui. Pikapu ilikuwa imesimama mbele ya nyumba, chini ya miti, tangu baridi ianze, na njiwa waliifanya choo chao. Mavi ya njiwa yanakula rangi, na rangi ya pikapu ile aliipaka mama.

Siku zile muuza maji ya gesi hakutoka na gari tupu. Mbao za ubavuni zilichorwa nakshi, maua na utepe uliojiviringisha, na kila mtu alitaka gari lake limzidi la mwenzake. Wachoraji walikuwa na maringo, wakakawia, mama akachoka kungoja. Mama yetu huyo, Delfina, alijifundisha mwenyewe kwenye meza ya jikoni, kwa brashi zenye nywele ndefu, mpaka mkono ukakubali. Kisha akaichora pikapu yote, na kwenye mlango wa nyuma akaweka ndege mwenye kifua cha rangi ya chungwa, ametua juu ya tawi. Mama amefariki. Hakuna kingine alichokichora kilichobaki.

Ninazikumbuka Jumapili zetu kuliko ninavyoikumbuka shule. Osmar alipewa magurudumu, mimi vioo. Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni na kibuyu chake cha yerba, ile chai chungu ya kunyonya kwa mrija, akitutolea amri. Ndani mchuzi wa tambi ulikuwa unachemka polepole, na redio ya jirani ilikuwa inagombana na redio yetu. Mbao zilikuwa za baba peke yake. Aliziosha taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, na kila Desemba alichukua kopo la rangi ya mafuta akapitia maua yote na ndege upya, kwa sababu muuza maji ya gesi haingii mwaka mpya na gari lililopauka. Nilikuwa na furaha siku zile na wala sikujua. Laiti mtu angeniambia.

Dukani Osmar hakusalimia hata. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya petroli, nyekundu, yenye injini na magurudumu mawili ya kwenda vitani.

"Hii hapa," alisema, akiipigapiga mgongoni. "Presha mia mbili na hamsini. Inang'oa hata lami."

"Hongera," nikamwambia. "Sisi tuna gari, hatuna barabara ya kubomoa."

"We Mirta, kila kitu kwako ni kosa. Nguvu ikizidi si unapunguza tu?"

"Utapunguza wewe? Wewe uliyelipasua bomba la jikoni kwa kulikaza?"

"Lilikuwa limeoza lile!"

Muuzaji, msichana aitwaye Yanina, alikuwa amezoea ugomvi wa ndugu. Alituacha tumalizane, kisha akatuuliza gari lina nini. Nikamweleza kuhusu nakshi. Akauma midomo. "Hiyo ya petroli basi sahauni, jamani. Kwa rangi ya zamani chukueni ya umeme, ndogo, presha mia moja tu, yenye nozeli ya kutawanya maji. Na bomba lake liwe refu, mzee asiwe anaiburuta mashine."

"Mia moja!" Osmar akacheka. "Si bora tumwagilie maua."

Baba alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kofia magotini, kama vile tumemleta kumng'oa jino. Tangu mama aondoke alikuwa hivyo, unamvuta anakuja, unamwacha anabaki. Nilichuchumaa mbele yake.

"Baba, wewe unataka ipi?"

Aliziangalia zote mbili kwa muda mrefu. "Ile isiyomuumiza mama yenu," akasema.

Osmar akaondoa mkono kwenye ile nyekundu. Tukachukua ile ndogo.

Jumapili iliyofuata jua lilikuwa zuri. Nilivuta waya mpaka nje, nikafunga nozeli pana, nikamwekea baba bomba mkono wa kushoto. Nilimwonyesha asimame mbali, maji yapite kwa ubavu, yasigonge mbao usoni. Mwanzoni alikishika kile kifyatuo kwa woga. Kisha tope la matao ya magurudumu likaanza kuanguka lenyewe, bila kuinama, bila kusugua, na nikamsikia baba akicheka. Sikuwa nimeusikia ule mcheko tangu msiba. Nilijifanya nakunja waya ili asione machozi yangu.

Alimaliza boneti, milango na ubavu mmoja. Alipochoka Osmar akapokea, na mimi nikaingia ndani kuangalia mchuzi. Hilo ndilo kosa, kumwacha Osmar na mashine. Mlango wa nyuma ulikuwa na mavi yaliyokauka kama saruji, karibu na yule ndege, na Osmar akaona nozeli pana inamchelewesha. Akafunga ile nyembamba, ya maji kama sindano, akasogea.

Nilisikia kelele ya baba nikatoka mbio na mwiko mkononi.

Gamba la rangi pana kama kiganja lilikuwa limelala kwenye maji ya mtaroni. Shingo ya ndege haikuwepo.

"Nimesogea kidogo tu," Osmar alisema. Uso ulikuwa umeishiwa damu. "Mirta, wallahi, kidogo tu."

"Kidogo! Nilikwambia nini mimi? Nilikwambia nini, Osmar? Ulichobakiza cha kuvunja ni nini?" Nilimtukana matusi ambayo mama angenipiga kwayo. Mtu mzima, mwenye wajukuu, alisimama pale na bomba linavuja.

"Nyamazeni," baba akasema.

Alikuwa amevua miwani yake, amesogea mpaka pua inakaribia kugusa mbao. Pale shingo ilipobanduka hapakuwa na mbao tupu. Palikuwa na vanishi ya zamani iliyogeuka rangi ya asali, na chini yake manyoya, moja moja, membamba, ya kahawia na chungwa na uzi wa dhahabu. Baba alipitisha kidole juu yake.

"Huu si mkono wangu," akasema.

Hapo nikaelewa. Desemba baada ya Desemba, baba alipaka juu ya vanishi ya mama, kwa brashi yake nene ya kupakia milango, na ndege tuliyekuwa tukimlinda miaka yote hii hakuwa wa mama hata kidogo. Lile jitu la petroli lingebeba tabaka zote mbili.

Baba akanyoosha mkono wa kushoto. "Nirudishieni ile nozeli pana."

Alisimama pembeni, akaelekeza maji kwenye ukingo wa pale palipobanduka. Rangi yake ikaanza kuachia vipande vipande. Likatokea jicho. Halafu kichwa. Halafu mdomo, na sisi sote watatu tukaona kwa pamoja kwamba mdomo ulikuwa wazi.

"Anaimba," nikasema.

"Anaimba," baba akasema. Machozi yalimshuka wala hakuyapangusa. "Mama yenu alimchora anaimba, na mimi nikamziba mdomo."

Akanipa bomba, akakaa kwenye ukingo wa njia akitazama.

"Endelea wewe, mwanangu," akasema. "Polepole. Usiache hata doa langu moja."