Kiti cha Pili cha Saksafoni

Sikuwa na mwalimu, sikuwa na chumba cha kupigia, sikuwa na mtu wa kunisemea kwenye bendi, wala sikuwa na sauti. Sauti ndiyo iliyoniuma. Saksafoni yangu kuukuu ilitoa mlio mwembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Basi nikamwendea shemeji, kaka wa mke wangu, mpiga saksafoni wa kwanza wa bendi ya mjini kwetu.

"Uma, shemeji," alinifundisha. "Bana kipulizio kwa meno. Sauti ni taya."

Nikauma miaka miwili. Mdomo wa chini ulifanya kidonda kwa ndani, nikavumilia, maana mzee wa kiti cha pili alikuwa karibu kustaafu, nami kiti kile nilikitaka.

Kazi yangu ilikuwa udobi. Jumamosi moja nilimpelekea shemeji mashati yake ya jukwaani mapema kuliko kawaida. Kabla sijabisha, nikamsikia akimfundisha mdogo wake.

"Legeza taya. Mdomo wa chini uwe mto tu juu ya meno, zikaze pembe zake. Pumzi itoke tumboni. Ukiuma, utalia kama shemeji yetu."

Wakacheka. Nikaingia, nikaweka mashati kitini.

"Aa, dobi wetu. Mbona mapema?"

"Miaka miwili umeniambia niume."

Alianza kukunja shati lililokwisha kukunjwa. "Shemeji, kiti ni kimoja. Huyu tumenyonya ziwa moja. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia hapana."

Dobi mzima, sikujua kikulacho ki nguoni mwangu.

Miezi mitano nilisimama mbele ya kioo katika chumba cha pasi, kila asubuhi kabla ya wateja: noti moja, pumzi moja ndefu, macho kwenye taya lisipande. Mwanzoni ulitoka upepo mtupu. Mwezi wa nne noti ya chini ilikijaza chumba, na mama tuliyepiga naye pasi, asiyesifu kitu, akasema, "Leo hujachinja kuku."

Tangazo la bendi likatoka. Nikamwandikia kiongozi, nikiomba nisikilizwe siku ileile na mdogo wa shemeji. Walitaka jina la mwalimu. Nikaandika: sina.

Mke wangu aliisoma barua. "Hata kaka humtaji?"

"Nikimtaja, itabidi nieleze alichonifundisha."

Akanisogezea gundi. Nikaifunga bahasha, nikaenda posta, nikaitumbukiza.