Kikohozi cha Askofu

Mirindi alikuwa na neno moja la kumwambia mama yake, na alikwisha kulibeba majuma sita. Alilala nalo, akaamka nalo, akaenda nalo bombani kuchota maji na kurudi nalo likiwa zito kuliko ndoo. Mwishowe alijiwekea ahadi: siku Askofu atakapotoa sauti, na yeye atatoa sauti. Na kwa kuwa Askofu alikuwa amelazwa kwenye gereji ya Mzee Atumani kule Buyenzi, tumbo wazi, kabureta yake ikiogelea ndani ya bakuli la petroli, ahadi hiyo haikuwa na haraka.

Yafaa Askofu atambulishwe kwa heshima zote zinazomstahili. Hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa pikipiki. Umri wake haukujulikana, na jina la kiwanda kilichomzaa lilikwisha kufutwa kwenye tangi na magoti ya wamiliki watatu. Aliitwa Askofu kwa sababu alikuwa mzee, sauti yake ilikuwa nzito, na hakuna aliyeweza kumwamsha bila kwanza kupiga goti. Ilibidi uiname, ubonyeze kidude kidogo kilicho ubavuni mwa kabureta mpaka mafuta yakuloweshe kidole, upige kiki mara mbili ufunguo ukiwa umezimwa, kisha ufungue na kupiga ya tatu, ukisema neno la upole. Papa Moïse, mwenye pikipiki na baba wa Mirindi, alikuwa akisema, "Tafadhali, Monseigneur," kama askofu anavyoitwa kwa Kifaransa. Asiyeijua ibada hiyo angepiga kiki mpaka mguu uote ganzi.

Tena Askofu alikuwa na kikohozi. Bomba lake la moshi lilikuwa limetoboka, na Papa Moïse alilifunga tundu hilo kwa bati la kopo la nyanya na waya. Kila alipopunguza mwendo, bati lilitetemeka na moshi ukapenya: to-to-to-to, kha! To-to-to, kha-kha! Hapakuwa na pikipiki nyingine Bujumbura nzima iliyokohoa hivyo, na kikohozi hicho ndicho kilichokuwa ufunguo wa nyumba yao.

Mwaka ulikuwa wa tisini na tano. Mitaa ilikuwa imeanza kuhamwa mmoja baada ya mwingine, watu wakiwakimbia wauaji, na wao, watu waliotoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Uvira kule Zaire, walikaa mtaa wa Bwiza nyuma ya geti la chuma lenye komeo mbili na gogo la kuzuia. Papa Moïse alikuwa tarishi wa ofisi moja ya mjini. Kutwa alipeleka barua kwa wakubwa wa mtaa wa Kiriri, na jioni alirudi. Aliwapa watu wake sheria moja tu.

"Mutu akigonga, musifungue. Hata akisema ni mi. Hata akitaja jina la marehemu bibi yangu. Mufungue kwa Askofu tu."

Basi Mama Nsimire alipomsikia Askofu akikohoa kwenye kona, aliacha kila kitu, akaondoa gogo, akavuta komeo, na geti likawa wazi wakati Papa anafika. Aliingia bila kushuka. Hakusimama nje hata kwa muda wa kuvuta pumzi.

Sasa aingie Mirindi mwenyewe, umri miaka kumi na sita, msanii, fahari ya bweni la pili katika internat, shule moja ya bweni ya milimani. Huko ndiko alikogundua kipaji chake. Akishika kopo tupu la nyanya mdomoni, aliweza kutoa mlio wa pikipiki yoyote. Usiku mmoja aliutoa wa pikipiki ya mkuu wa nidhamu, na wavulana arobaini waliokuwa wakicheza karata wakajitupa vitandani na viatu vyao. Jina lake lingeandikwa kwa wino wa dhahabu, kama wanafunzi wasingeanza kulala na mawe chini ya mito, kila kundi likiogopa jingine. Shule ikafungwa. Msanii akarudishwa nyumbani, akiwa na kopo lake na wala hana hadhira.

Hadhira ikawa Mama.

Mara ya kwanza alijificha nyuma ya choo, akakohoa kama Askofu. Mama aliondoa gogo, akafungua geti, akakuta barabara tupu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mara ya pili alivua kandambili, ikampata Mirindi sikioni. Mara ya tatu alifungua tena, kwa sababu kutofungua kulikuwa hatari kuliko kuchekwa. Mara ya nne hakucheka hata kidogo.

"Sikiliza, Mirindi," alisema. "We mutoto umesoma, lakini akili uliacha internat. Siku ingine nikisikia hicho kikohozi, namaliza kwanza kukaanga ndagala zangu."

Mirindi aliinama kama mchezaji wa tamthilia mbele ya pazia.

Alhamisi moja, saa kumi na moja na nusu, jua lilikuwa bado juu ya milima ya Zaire. Mama alikuwa mbele ya mbabula, jiko lake la makaa, ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, wanachachatika kwenye mafuta. Mirindi alikuwa nyuma ya choo, kopo mkononi, akijiandaa kwa onyesho la tano. Kabla hajaliweka mdomoni, ikasikika kwenye kona: to-to-to-to, kha!

Alikuwa Askofu mwenyewe.

"Mirindi!" Mama alipaza sauti bila kugeuka. "Leo apana! Kohoa mpaka utapike!"

Mirindi aliuma mkono wa shati lake ili kicheko kisitoke. Bahati ya namna hii haimjii msanii mara mbili. Askofu wa kweli amekataliwa getini! Papa ataisimulia miaka kumi, Mama ataona aibu, na yeye hata mdomo hakufungua. Alichotakiwa kusema kilikuwa maneno matatu: Mama, si mi. Akaamua kuhesabu kwanza mpaka ishirini, utani uive.

Kwenye saba Askofu alifika getini. Kwenye kumi na moja alikohoa mara mbili, kama mtu anayeuliza. Kwenye kumi na nne Mama alicheka, akageuza samaki, akasema, "Msanii mkubwa weee!" Kwenye kumi na sita ilisikika miguu ikikimbia, miguu mingi. Kwenye kumi na saba ulilia mlio mmoja wa bunduki, na injini ikanyamaza.

Kumi na nane, kumi na tisa na ishirini alizihesabu pia. Hajui kwa nini.

Kisha wote wawili, mama na mwana, walisikia nje ya geti watu wakijaribu kumwasha Askofu. Walipiga kiki mara nane. Mirindi alizihesabu hizo vilevile, maana kichwa chake kilikuwa kimekwama kwenye kuhesabu. Mmoja alitukana. Askofu hakuwajibu. Hawakupiga goti, hawakubonyeza kidude. Walimtupa mtaroni, wakaenda zao, na ndipo Mama alipoondoa gogo.

Kwenye matanga ya Papa Moïse, Mama Nsimire alimwambia kila aliyekuja kumpa pole, mmoja mmoja, kama anayetoa ushahidi: "Nilimusikia. Nikasema ni mutoto anacheza. Masikio yalikuwa yangu." Wanawake walimwambia anyamaze, Mungu ndiye anayejua. Hakunyamaza. Mirindi hakulaumiwa hata na mtu mmoja. Mama alimuuliza mara moja tu, siku ya tatu, akikunja shati la marehemu.

"We siku ile ulikuwa wapi?"

"Chooni," alisema Mirindi. "Tumbo liliniuma. Sikusikia kitu."

Mama alitikisa kichwa polepole, akaendelea kukunja. Hivyo akabaki na kosa lote peke yake, na Mirindi akabaki na neno.

Mzee Atumani alikuwa fundi wa miaka mingi Buyenzi, mwenye kofia ya kufuma iliyokuwa nyeupe zamani za amani. Alipomwona Mirindi akimsukuma Askofu, usukani umepinda, matope mpaka kwenye tangi, aliweka chini bisibisi yake.

"Inna lillahi. Huyu ni wa Moïse." Kisha, kwa kuwa alimhurumia kijana, akatafuta maneno mengine. "Haya, muingize. Dunia imeharibika kweli, Askofu anatibiwa kwa Waislamu."

Kuanzia hapo Mirindi alikwenda kila asubuhi. Alisugua matope kwa mswaki, akanyoosha vijiti vya gurudumu, akafunua injini na kuifunika. Mzee Atumani hakuacha kumchokoza.

"We wa internat, hicho Kilatini chako kinaweza kufungua nati?"

"Kilatini kinafungua mbingu, Mzee. Nati ni kazi ya mashehe."

"Astaghfirullah! Lete spana ya kumi na nne, kafiri we."

Walicheka, na Mirindi akisikia kicheko chake alishtuka kama amekutana na mtu aliyedhani amekufa.

Juma la sita kazi ilikwisha, ila jikla ilipotea. Jikla ni kijipande cha shaba ndani ya kabureta, chenye tundu dogo kama la sindano, na bila hicho mafuta hayafiki. Walikitafuta siku tatu. Wakapepeta mchanga wa gereji nzima. Siku ya nne Mzee Atumani alikaa juu ya tairi, akanyoosha kiganja.

"Mutoto, mi natengeneza mapikipiki tangu hujazaliwa. Jikla haitembei peke yake kuingia mufukoni mwa mutu. Lete."

Mirindi aliitoa. Ilikuwa ya moto kwa kushikwa.

"Unaogopa nini?"

"Akipona, nitamupeleka nyumbani." Mirindi alitazama bomba la moshi, lile bati la nyanya na waya wake. "Mzee, chomelea hilo tundu. Asikohoe tena. Mama akisikia kile kikohozi, moyo wake utapasuka."

Mzee Atumani aligonga lile bati kwa kidole. "Nikichomelea, atalia kama cherehani. Hutamujua."

"Ndiyo ninachotaka."

"Bismillahi," alisema fundi, akavaa miwani yake myeusi.

Saa tisa ya mchana Mirindi alipiga goti, akabonyeza kidude, akapiga kiki mbili kavu. "Tafadhali, Monseigneur," alisema, na ya tatu ikashika. Ilikuwa kweli: Askofu alinguruma laini, mwenye afya, kama pikipiki ya mtu yeyote. Mirindi alimwendesha kupitia Buyenzi mpaka Bwiza, na hakuna aliyegeuza shingo. Alifika getini, akazima. Akagonga.

Ndani, mchi uliokuwa ukitwanga sombe, yale majani ya muhogo, ulinyamaza.

"Mama, ni mi."

Gogo halikusogea. Hapo Mirindi akakumbuka sheria, na akaelewa alichokifanya. Alikuwa amejifungia nje kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa amesimama pale pale aliposimama Papa, tairi la mbele juu ya doa la oili ambalo mvua haikulifuta. Bila kukusudia akaanza kuhesabu. Kwenye tano unatazama upande wa kushoto. Kwenye nane unatazama kulia. Kwenye kumi na moja unajua kabisa kwamba waliomo ndani wapo, unawasikia wanapumua, na unajiuliza umewakosea nini. Kwenye kumi na sita alishindwa kuendelea. Hakuwa amejua kwamba ishirini ni mbali namna ile.

Akaweka mikono mdomoni, bila kopo. To-to-to-to, alisema, na kikohozi kikatoka kibaya, chenye machozi ndani yake.

Gogo lilisogea. Komeo ikalia, na ya pili. Mama Nsimire alisimama katikati ya geti, mikono imejaa kijani cha sombe, akamtazama mwanawe, akaitazama pikipiki. Mirindi alilitoa neno lote palepale.

"Mama, sikuwa chooni. Nilikuwa nyuma ya choo na kopo. Nilimusikia Papa. Nilijua ni yeye. Nikanyamaza ili nicheke. Nikahesabu."

"Ukahesabu mpaka ngapi?"

"Ishirini."

"Ishirini," alirudia Mama, kama mtu anayerudia jina la mji asioujua. "Mi niligeuza samaki mara mbili."

Hakumpiga. Wala hakumwambia amemsamehe. Alishika usukani, akamwingiza Askofu uani, akarudisha gogo na komeo. Kisha aliinama, akapapasa bomba la moshi kwa vidole vyake vya kijani, akitafuta. Alipapasa mara mbili mahali pale pale, palipokuwa laini.

"Tundu liko wapi?"

"Tumelichomelea. Nilitaka usisikie, usiumie."

"Nani alikutuma?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Majuma sita nangoja apone huyu Askofu. Nilisema, siku moja tu, nimusikie kwenye kona, nifungue kwa wakati. Nani alikutuma, Mirindi?"

Akaketi chini, mgongo kwenye tairi, na kilio ambacho hakukitoa matangani kikatoka. Mirindi alisimama. Katika mambo yote aliyofunzwa shuleni, hakuna lililosema mikono iwekwe wapi wakati kama ule.

Baada ya muda Mama alijifuta uso kwa ukingo wa kitenge. Aliinuka, akaenda getini, akaweka kiganja juu ya komeo.

"Kopo lako liko wapi?"

"Nilitupa chooni."

"Basi kwa mudomo. Fanya vizuri, kama siku zile. Anatoka kwenye kona."

"Mama, siwezi."

"Fanya."

Mirindi alikwenda nyuma ya choo, mahali pake pa zamani. Aliweka mikono mdomoni. To-to-to-to, kha! To-to-to, kha-kha! Hakuwahi kukifanya vizuri kiasi hicho bwenini wala uani. Mama hakungoja kiishe. Alitupa gogo, akavuta komeo zote mbili, akafungua geti lote mpaka likagonga ukuta, akasogea kando, akaacha nafasi ya kutosha pikipiki kupita.