Ngumi ya Ewald

Hakuna swali lililomuudhi Gundula Petzold mwaka ule kama lile la watu wa mapokezi. Hawakuuliza mgonjwa anaitwa nani wala anaumwa nini. Waliuliza, "Bima ya umma au binafsi?" Ukijibu ya umma, sauti ya upande wa pili inapoa papo hapo, kana kwamba umepiga simu kuomba chumvi.

Mumewe Ewald alipata kiharusi mwezi wa Mei. Mguu wa kushoto ulirudi kiasi, lakini mkono wa kushoto ulijikunja ukawa ngumi, na ngumi ikagoma kufunguka. Kigari cha kutembelea, kile unachokisukuma mbele yako ukijiegemeza, kinataka mikono miwili. Bila kigari Ewald ni mtu wa kiti cha magurudumu, na nyumba yao pale Plauen, Ujerumani, iko ghorofa ya tatu, haina lifti. Hospitali walipomruhusu walimwambia Gundula ampeleke mumewe kwa daktari wa utengemao, wa kurudisha viungo kazini, na asichelewe.

Asichelewe, kweli. Gundula aliuzunguka mji mzima kwa simu. Daktari wa kwanza hakupokea wagonjwa wapya wa bima ya umma. Wa pili alikuwa ameurudisha mkataba wa bima hiyo na sasa alitibu wanaojilipia tu. Wa tatu alikuwa ameshafariki, ingawa kwenye orodha ya mtandaoni bado alikuwa anapokea wagonjwa kwa furaha. Akabaki Daktari Trautwein. Kwa Trautwein alipiga mara tatu kiangazi kile, na kila mara aliambiwa Machi mwakani.

Jumapili moja ya Oktoba alikuja wifi yake Sieglinde, dada wa Ewald, na keki ya plamu aliyoioka mwenyewe, maana keki za Gundula hakuziamini.

"Wifi, unajitesa bure, na kaka yangu unamtesa," alisema huku akikata vipande. "Kuna makao ya wazee yana lifti, yana wauguzi, chakula kinakuja cha moto."

"Kaka yako ana nyumba."

"Ghorofa ya tatu. Atashukaje, utamtupa dirishani?"

Ewald alikuwa pale pale mezani, ngumi yake juu ya kitambaa. Ulimi ulikuwa mzito tangu Mei, lakini masikio hayakuwa na shida yoyote.

"Akipata daktari atashuka kwa miguu yake," alisema Gundula.

"Madaktari wamejaa tele. Mimi goti likinisumbua nampigia Trautwein, na wananiuliza siku gani itanifaa."

Sieglinde alistaafu kutoka ofisi ya kodi. Watumishi wa serikali wana bima binafsi, na yeye aliitaja bima yake kama watu wengine wanavyotaja ukoo. Gundula alimtazama akitafuna keki na akatamani imkwame kooni.

Asubuhi yake alipiga tena kwa Trautwein. Swali likaja, lile lile.

"Binafsi," alisema Gundula.

"Vizuri sana. Alhamisi asubuhi itakufaa, Bi Petzold, au unapendelea mchana?"

Alikata simu akabaki ameishikilia kifuani. Alidhani angefurahi. Hasira ndiyo iliyompanda, mpaka masikio yakawaka.

Alhamisi jirani wa chini, mchinjaji mwenye mgongo mpana, alimteremsha Ewald ngazi zote akiwa amembeba. Sieglinde alileta gari. Hakuambiwa lolote kuhusu simu ile. Alijua tu kwamba nafasi imepatikana, na njiani alirudia mara kadhaa kwamba kumbe ukijua kuzungumza na watu vizuri mambo yanawezekana.

Kwenye mapokezi alikaa Bi Möckel, mwanamke aliyevaa miwani kichwani badala ya machoni. Aliomba kadi. Gundula akaiweka juu ya meza. Miwani ikashuka.

"Hii ni ya umma."

"Ndiyo."

"Kwenye simu ulisema binafsi."

"Nilisema. Niliposema kweli mlinipa Machi."

Watu waliokuwa wakisubiri waliinua vichwa. Sieglinde alimvuta mkono wa koti. "Gundula, unaniaibisha. Hapa wananijua mimi."

"Na mimi leo watanijua."

"Umedanganya ili upate nafasi ya mtu mwingine," alisema Bi Möckel. "Sisi hapa tuna utaratibu."

"Utaratibu gani? Mkono ni mkono."

Mzee mmoja akashusha gazeti lake. "Wengine tunalipa zaidi, mama."

"Endelea kulipa, nani kakuzuia? Mimi nimeuza mikate tangu nina miaka kumi na sita, na kila mwezi wamenikata bima kwenye mshahara. Wamekatia nini?"

"Naomba mtoke," alisema Bi Möckel. "Msipotoka naita polisi."

"Ita."

Ewald akiogopa au akikasirika, mkono ule hupanda wenyewe, hauna wa kuuzuia. Ulipanda sasa, taratibu, kutoka mapajani hadi usawa wa kidevu, ngumi ikielekea mapokezi. Bi Möckel akarudi nyuma na kiti chake.

"Mwambie ashushe ngumi. Ananitishia."

"Ifungue wewe," alisema Gundula. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Njoo hapa uifungue. Ndicho tulichokuja kutafuta."

Mlango wa ndani ukafunguliwa, Daktari Trautwein akatoka kuuliza kelele ni za nini. Bi Möckel akaanza kueleza habari ya bima, lakini daktari alikuwa ameshaiona ngumi. Aliinama mbele ya kiti cha Ewald, akaushika mkono ule kwa viganja vyake viwili, akajaribu kidole kimoja, kisha kingine. Havikunyooka. Ndani ya kiganja kucha zilikuwa zimechimba ngozi.

"Tangu lini?"

"Tangu Mei."

"Mngekuja kiangazi, sindano chache na kifaa cha kunyooshea vingetosha. Sasa kano zimefupika. Hii ni ya kisu." Aliinuka. "Wiki ijayo hospitali itampokea. Upasuaji bima ya umma inalipa, msiwe na wasiwasi."

"Nilipiga simu hapa kiangazi," alisema Gundula. "Mara tatu."

Daktari alimtazama Bi Möckel, naye akaitazama skrini.

"Na akishapasuliwa, atashika kigari?"

"Kitafunguka kiganja, kitasafishika. Kushika, hapana. Nisikudanganye."

Kwa ajili ya barua ya hospitali ilibidi kadi ichomekwe kwenye mashine. Ilisomeka bila tatizo lolote. Bi Möckel aliirudisha bila kuinua macho, na barua juu yake.

Ewald alikuwa amesikia kila neno. "Nyumbani," alisema, akimtazama mkewe.

Gundula akamgeukia Sieglinde. "Haya wifi, sema sasa. Sema ghorofa ya tatu, nikusikie."

Sieglinde alikuwa anatafuta funguo za gari ndani ya mkoba. Aliendelea kuzitafuta, ingawa zilikuwa mkononi mwake.